Kijana wa Geita na usiku wa Unguja

Juzi baada ya darsa alinifuata kijana mmoja mchimbaji wa hapa Geita. Ameuza dhahabu, anataka kwenda Unguja kupumzika. "Ustadhi, muziki wa jukwaani kule usiku unapigwa wapi, na je, ni haramu?"

Wapi, si siri. Ikhwani Safaa ni ya tangu 1905, na tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, hujaza watu mwezi wa Februari.

Ama hukumu, wanazuoni wamekhitalifiana. Ibn Mas'ud (ra) aliifasiri aya ya 6 ya Surat Luqman kuwa inakusudia nyimbo. Bukhari na Muslim nao wamepokea kuwa siku ya Idi wasichana wawili waliimba nyumbani kwa Bibi Aisha (ra). Abubakar (ra) akakemea, Mtume (saw) akasema waachwe.

Lakini Mtume (saw) huyo huyo alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Mazungumzo tu! Sembuse jukwaa lenye ulevi hadi usiku wa manane, kisha Alfajiri ikupite umelala hotelini, na adhana inasikika dirishani? Hapo hapana khitilafu.

Nikamuuliza mkewe na watoto, walioko Shinyanga, amewaachia nini. Akainama. Ada ya shule anadaiwa tangu muhula uliopita. Nikamwambia alipe kwanza. Nauli ikibaki, aende na mkewe.

Hajarudi kunipa jibu.