Je, Njia ya Kazi Yaweza Kuuzwa?

Ndugu msomaji, siku moja baada ya sala ya Ijumaa kijana mmoja alinifuata uani, akanieleza kwamba mama yake yu tayari kuuza kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Wakala mmoja mjini ameahidi kumpatia dada yake kazi za nyumbani huko Maskati, ila kwanza anataka arubuni. Kijana yule hakuniuliza kama kazi yenyewe ni njema. Aliniuliza jambo moja tu: "Maalim, fedha hiyo ni halali kutolewa?" Nilimwomba anipe siku chache, maana swali hili si jepesi kama linavyosikika.

Wapo wasemao upesi kwamba uwakala wote wa kazi ni dhuluma. Sikubaliani nao. Dalali ni mtu wa zamani sana katika masoko ya Waislamu, na wanavyuoni wa kizazi kilichofuata Masahaba, kama Ibn Sirin na Ata, hawakuona ubaya katika ujira wake. Mtu aliyetumia siku zake kuwakutanisha wawili wasiojuana ametoa jasho, na jasho lina haki yake. Lakini dalali wa nyumba au wa ng'ombe huuza kitu ambacho mwenyewe amemtuma akiuze. Wakala wa kazi je, anauza nini? Kazi si yake, ni ya mwajiri. Mtu naye si wake, kwani binadamu huru hauzwi. Basi ameshika nini mkononi hata akadai bei?

Yafaa tutazame kisa cha Nabii Musa a.s. kama kinavyosimuliwa katika Kurani Tukufu. Alikimbia kutoka Misri, akafika Madiani mgeni, hana kazi wala jamaa. Akawakuta wanawake wawili kisimani wanazuia mifugo yao, akawanyweshea, kisha akaenda kivulini akamwomba Mola wake. Hakuwaambia, "Nitafutieni kazi." Mmoja wa mabinti wale ndiye aliyemshauri baba yake amwajiri, akamsifu kwa mambo mawili: nguvu na uaminifu. Nguvu zake alikuwa ameziona pale kisimani. Baba naye akaeleza masharti waziwazi, yaani miaka minane, na kama Musa angependa kutimiza kumi, hiyo ingekuwa hiari yake. Tena alisema hataki kumtaabisha.

Angalia, msomaji, binti yule alitoa kitu gani. Alitoa ushahidi. Alimjua mwajiri kwa kuwa ni baba yake, na mfanyakazi alikuwa amemwona kwa macho akifanya kazi. Nami naona kwamba hicho ndicho pekee ambacho wakala anaweza kukiuza kwa haki: habari za kweli kwa pande zote mbili. Ikiwa anamjua mwajiri, anaujua mshahara, anaijua nyumba na saa za kupumzika, naye anayasema yote bila kuficha, amestahili ujira. Ikiwa hajui lolote ila namba ya simu ya wakala mwenziwe ng'ambo, basi ujira anaoutaka ni wa kitu asichokuwa nacho. Na akijua kisha akadanganya, huo ni wizi, hata kama stakabadhi imepigwa mhuri.

Ushahidi huo una upande wa pili, na sisi watafuta kazi hupenda kuusahau. Wakala akikuambia uongeze umri, au udai ujuzi wa kupika usiokuwa nao, au wewe usiye Mwislamu ujiandike jina la Kiislamu ili upendeze kwa mwajiri, usidhani uongo huo ni wa wakala peke yake. Dini ni neno baina ya mtu na Mola wake. Anayeivaa kama sare ya kazi hajasilimu, wala hajabaki mkweli katika dini aliyokuwa nayo.

Tuseme sasa wakala ni mkweli. Nani amlipe? Mataifa yamelihangaikia swali hili kwa muda mrefu. Mwaka 1933 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzifunga ofisi zinazotoza ada kwa faida ndani ya miaka mitatu. Mwaka 1949 likalegeza, nchi zikapewa hiari ya kuzifunga au kuzisimamia. Mkataba wa mwaka 1997, Namba 181, ulizikubali ofisi za watu binafsi, lakini ukaweka kanuni kwamba mfanyakazi asitozwe ada wala gharama, isipokuwa kwa namna chache maalumu. Kanuni hiyo ina akili. Mtume Mtukufu s.a.w. alihimiza mfanyakazi asicheleweshewe ujira wake. Huyu wetu anatozwa kabla hata hajaanza. Anayeuza kiwanja ili apate kazi anaingia kazini akiwa mdeni, na mdeni hathubutu kuondoka hata akiteswa.

Lakini mwajiri akilipa, huja hatari nyingine. Taarifa ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu Watanzania watumishi wa nyumbani huko Omani na Falme za Kiarabu iliwataja waajiri waliowanyang'anya watumishi pasi za kusafiria, na wengine waliodai warudishiwe gharama za kumleta mtumishi kabla ya kumwachia aende zake. Mwajiri wa namna hiyo alilipia habari, akajidhania amenunua mtu. Kwa hiyo haitoshi kusema "mwajiri alipe". Ni lazima ajue pia amelipia nini.

Linabaki jambo la imani. Mwenye shida humtazama wakala kama kwamba funguo za riziki zimo katika mtoto wa meza yake. Humwinamia, humnyenyekea, huogopa kumwuliza swali asije akakasirika. Ewe unayejifunza Umoja wa Mungu, hapo ndipo somo lenyewe linapojaribiwa. Mruzuku ni Mmoja. Wakala ni mlango tu miongoni mwa milango, na mlango huulizwa unaelekea wapi.

Kijana aliporudi nilimwambia aende na dada yake, waulize mambo manne: jina la mwajiri, mshahara ulioandikwa, pasi itakaa kwa nani, na nauli ya kurudi ni juu ya nani. Walikwenda. Wakala aliwajibu la arubuni tu, tena kwa ukali. Kiwanja cha mama yao hakikuuzwa. Dada yule bado anatafuta kazi, na asubuhi huuza vitumbua karibu na kituo cha basi.