Je, Kumsaidia Mtu Kudai Shamba Lake ni Kuvunja Udugu?

Wako watu wasemao kwamba mtu mwema hajitii katika magomvi ya shamba. Hushika mithali ya wazee: Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Basi mjane akimwendea mtu aliyesoma ili amwandikie madai yake, hujibiwa, "Mambo hayo ni ya ukoo wenu, kapataneni nyumbani." Je, jibu hili ni la amani, au ni la woga?

Mithali ile ni ya hekima, wala siipingi. Lakini na tuitazame vema. Yanena habari za ndugu walio sawa, ambao leo wana hasira na kesho watakula sahani moja. Haineni habari za mwenye nguvu na mwenzake asiye na mtu wa kumsemea. Shemeji atwaaye shamba la marehemu, na mjane anyamazaye kwa kuwa hajui sheria, hawakupatana hata kidogo. Kunyamaza kwa mnyonge hufanana na amani kama kifo kifananavyo na usingizi.

Tazameni jambo lililotokea katika nchi ya Wahaya, Tanzania. Mwanamke mmoja aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia, naye akaliuza. Mwanamume wa ukoo wake akamshtaki, akisema kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikayatangua mauzo, ile ya Wilaya ikampa mwanamke haki, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mila hiyo yapingana na haki zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikasema wazi kwamba mila imnyimayo mwanamke ardhi haina nguvu.

Lakini sheria yamfaa nini asiyejua kwamba imeandikwa? Sheria ni kama maji ya kisima kirefu: ni ya wote, ila hunywa mwenye kamba. Ajuaye sheria ndiye mwenye kamba, na kumnyima mwenye kiu si upole.

Hata hivyo, kusaidia si kuchochea. Yuko mwandishi wa madai ambaye humwandikia kila amlipaye, kweli na uongo sawasawa. Huyo huharibu ukoo kuliko jirani mwoga. Msaidizi wa kweli huanza kwa kutafuta upatanishi. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Na akiona kwamba aliyemwendea hana haki, humwambia hivyo waziwazi, kabla hajauza mbuzi wake kwa ajili ya kesi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wasio mawakili ili wawafae wasio na uwezo; lakini ukweli wa moyo hauletwi na cheti.

Basi, wasomaji, tusijifiche nyuma ya mithali. Ndugu wakipatana kwa haki, kila mmoja atakuwa na la kuvuna. Wakipatana kwa hofu, kapu hujaa la mmoja tu, na mwingine hulala njaa akiitwa mpole.