Haki na Deni la Mponyaji

Mkono utoao dawa mara nyingine hutoa na sumu. Mfano ni etoposidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983. Ndani ya seli, kimeng'enya cha topoisomerasi hukata nyuzi za urithi, hufungua msokoto wake, kisha huziunga. Etoposidi huzuia kuunga; seli ya saratani hufa. Walakini mkato huo, katika seli nzima isiyokufa, waweza kuzaa saratani ya damu baadaye. Je, mwenye elimu aijuaye hatari hii ana haki ya kuitoa dawa? Anayo, maana kumwacha mgonjwa afe ni dhara kubwa zaidi. Lakini haki hiyo ina deni: maabarani azihesabu seli zilizokufa na kuzichunguza zilizosalia, kitandani, mgonjwa aambiwe yote mawili, kisha achague.