Mchagua Jembe na Mpiga Picha

Aprili 10, 1927, Ansel Adams, kijana wa miaka 25, alipanda milima ya Yosemite huko California akiwa na mzigo mzito mgongoni: kamera kubwa, lenzi, stendi ya miguu mitatu na vioo 12 vya kupigia picha. Alipofika ukingoni mwa genge linalotazamana na mwamba wa Half Dome, alikuwa amebakiwa na vioo viwili tu. Cha kwanza alikipiga kwa filta ya njano, kama ilivyokuwa desturi. Mara akatambua kwamba picha hiyo ingeuonyesha mwamba, ila isingeonyesha kile kilichomshtua moyoni. Kwa kioo cha mwisho akaweka filta nyekundu iliyokolea. Anga likatoka jeusi kama linaingia usiku, na mwamba ukasimama mbele yake kwa uzito wote alioutaka.

Wengi huitaja picha hiyo kuthibitisha kwamba jicho ndilo linalopiga picha, chombo si kitu. Si kweli kabisa. Bila kile kipande chekundu cha filta, picha isingepatikana. La kuzingatia ni kipi kilitangulia. Haja ilikuja kwanza, chombo kikafuata; Adams alijua anachokosa kabla hajatia mkono kwenye mkoba.

Leo mwenye kamera nzuri hujiuliza kama anunue nyingine ya kupigia mandhari, na mara nyingi mambo huwa yamegeuka: chombo kinatangulia, haja inatafutwa baadaye. Kwa nje hilo ni suala la bei na vipimo. Kwa ndani ni swali la kale ambalo dini na falsafa zimehangaika nalo kwa karne nyingi: mtu atajuaje kwamba alicho nacho kinamtosha?

Tuanze na hesabu. Kamera ya kawaida ya pikseli milioni 24 hutoa picha yenye nukta 6,000 kwa upana na 4,000 kwa kimo. Ikichapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, ambacho ni kiwango kizuri cha uchapaji, picha hiyo hufikia upana wa karibu sentimita 51. Kamera ya pikseli milioni 45, kama Nikon D850 iliyotoka mwaka 2017, hutoa nukta 8,256 kwa upana, yaani sentimita 70 hivi. Namba ya kwenye boksi inakaribia kuwa mara mbili, lakini upana wa picha umeongezeka kwa takriban asilimia 38 tu. Anayetaka picha yenye upana maradufu anahitaji pikseli mara nne. Televisheni ya 4K ambayo jamaa zake wataitazamia picha hizo ina pikseli milioni 8.3. Tena upepo ukiitikisa stendi, au tundu la lenzi likibanwa mno hadi mwanga ukatawanyika, pikseli za ziada hurekodi ukungu uleule kwa undani zaidi.

Faida zipo, na ni haki kuzisema. Kihisi bora, kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera, huokoa mengi pale mbingu inapong'aa na bonde likiwa bado gizani, na mpiga mandhari hukutana na hali hiyo karibu kila alfajiri. Anayechapisha picha za kujaza ukuta ana sababu ya kutaka pikseli nyingi. Lakini hizo ni haja zenye majina. Shida inaanza pale mtu anapotaka tu kitu bora zaidi, asijue bora kwa lipi.

Mwaka 1769 mwanafalsafa wa Ufaransa Denis Diderot aliandika insha ya kulililia joho lake kuukuu la nyumbani. Alikuwa amepata jipya, jekundu, la kupendeza, na tangu hapo kila kitu chumbani kikaonekana duni mbele yake. Kiti cha majani makavu kikaondoka, kikaja cha ngozi. Meza nayo na picha za ukutani zikapata warithi wa kifahari. Insha nzima ni malalamiko ya mtu aliyegundua kwamba kitu alichokipata kimeanza kumtawala. Mwaka 1988 mwanaanthropolojia wa Kanada, Grant McCracken, aliupa mwenendo huo jina la Diderot, na kila aliyewahi kuhama kutoka kampuni moja ya kamera kwenda nyingine anaujua. Lenzi za zamani hazishiki kwenye mwili mpya. Faili zimekuwa nzito, kompyuta inajikokota, kadi zinajaa nusu ya safari. Aliyeazimia kununua kitu kimoja anajikuta amenunua vitano, na bado hajatoka nyumbani.

Kiswahili kina neno la kufikiria nalo hapa: kukinai. Asili yake ni Kiarabu, na lina nyuso mbili. Aliyekinai ni mtu aliyeridhika na chake, asiyekodolea macho cha mwenzake. Lakini mtu hukinai pia chakula kilichomzidi, hadi hamu ikamtoka. Kuridhika na kuvimbiwa vinaishi katika neno moja, kana kwamba lugha yenyewe inaonya kwamba tosha ina mlango wake, na ukiupita unatokea kwenye karaha. Kurani ina sura nzima, At-Takathur, inayokemea kushindana kwa wingi. Injili ya Luka, sura ya 12, inasimulia habari za tajiri aliyepanga kubomoa maghala yake ajenge makubwa zaidi, naye akatakiwa roho yake usiku uleule. Kosa lake halikuwa kuvuna. Alidhani ghala ndilo litakaloituliza nafsi.

Hakuna katika maandiko hayo linalomzuia fundi kutafuta zana nzuri. Ndiyo maana methali ya mchagua jembe si mkulima inafaa isomwe kwa makini. Haisemi kwamba jembe butu linafaa kulimia, wala haimlaumu aliyechagua siku moja akaenda shamba. Inamsema mchagua, mtu ambaye kuchagua kumekuwa ndiyo kazi yake. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko ya fedha. Kulinganisha kamera usiku kucha huleta hisia ya kupiga picha: kuna msamiati wake, kuna ushindi mdogo mdogo, kuna matumaini. Kisha jua linachomoza mlimani na mhusika amelala.

Aliyefundisha vizuri namna ya kubadilisha kamera ni Sebastião Salgado, Mbrazili aliyefariki Paris mwezi Mei 2025. Alikuwa mchumi wa Shirika la Kimataifa la Kahawa mjini London, na katika safari zake za kikazi barani Afrika, ikiwemo Rwanda, alibeba kamera iliyonunuliwa kwa ajili ya masomo ya usanifu majengo ya mkewe, Lélia. Mwaka 1973 akaacha uchumi. Mwaka 2004 alipoanza Genesis, mradi mkubwa wa kupiga picha mandhari na viumbe ambavyo dunia ya leo haijavigusa sana, alitumia filamu. Lakini mashine za eksirei za viwanja vya ndege, alikopita tena na tena, zilikuwa zikiziharibu filamu zake. Mwaka 2008 akahamia kamera ya dijitali, Canon yenye pikseli milioni 21, pungufu ya zile za kamera nyingi za bei ya kati zinazouzwa leo. Hata hivyo hakukubali kuchagua picha kwenye kompyuta. Aliendelea kuchapishiwa picha ndogo ndogo kwenye karatasi, akizikagua kwa kioo cha kukuzia kama zamani. Alibadilisha chombo ili jicho lake lisilazimike kubadilika.

Basi anayesitasita leo na afungue picha zake kumi za mwisho zilizomvunja moyo, aandike kando ya kila moja sababu: nilichelewa kufika, nilisimama pabaya, stendi ilitikisika, vivuli vimeziba. Kosa la kamera likijirudia, anunue bila kujilaumu. Lisipojirudia, fedha hizo azifanye nauli ya kurudi palepale na kulala hukohuko, ili alfajiri imkute ameshasimama.