Swali la Mgeni
Andiko: 2 Wafalme 4:8–13

Nilipoenda Kampala kusomea biashara, familia moja ya kanisa ilinipa chumba. Wiki ya kwanza nikampigia mama simu hapa Mtito Andei, nikilalamika: matoke mchana, matoke jioni! Mama akauliza, "Na wewe umewafanyia nini?" Nikakosa jibu. Kesho yake nikaamka mapema, nikaosha vyombo vyote. Jioni mwenyeji wangu akaniita mwanangu.

Elisha aliandaliwa na Mshunami kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Hakuishia kulala tu. Aliuliza amfanyie nini. Binti yetu unayesafiri Jumanne kwenda masomoni, tumekuombea. Ukifika kwa watu, usihesabu ulichokosa. Uliza swali la Elisha. Amina.