Nani Analipa Bei ya Tairi?

 

Hapa Nakivale pikipiki imekuwa jembe la familia nyingi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na vijana wetu wengi wamechagua boda. Kwa boda tunawafikisha wagonjwa kwenye kituo cha afya na tunapeleka mahindi sokoni. Lakini tairi likiisha, maswali yanaingia nyumbani: tununue lipi, wapi, na fundi gani atatufungia kwa bei ndogo? Tunapenda kuyatazama maswali haya kwa jicho la haki, kwa sababu ndani yake kuna uhai wa watu.

Je, ni vibaya kuzunguka madukani tukilinganisha bei? Hapana. Pesa yetu ni kidogo, na kuitunza ni akili. Ila tujiulize jambo moja kila tunapopata bei ya chini: pesa tuliyookoa, nani ameilipa?

Mara nyingine tunailipa sisi wenyewe bila kujua. Tuseme tairi la shilingi 60,000 linadumu miezi 6, na la shilingi 90,000 linadumu miezi 12. La kwanza linatugharimu shilingi 10,000 kwa mwezi, la pili 7,500. La bei rahisi ndilo ghali. Tena mtu anayekwenda Mbarara kutafuta punguzo ahesabu nauli na kazi ya siku nzima aliyoiacha. Asome pia namba zilizo ubavuni mwa tairi. Pikipiki nyingi za boda hutumia 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka mingi dukani linaweza kung'aa kama jipya, kumbe mpira wake umezeeka.

Mara nyingine anayelipa ni fundi. Mithali 20:14 inatuonyesha mnunuzi anayekiponda kitu mbele ya muuzaji, kisha akiisha kuondoka anajisifu. Je, hatumfanyii hivyo fundi anayekaa chini ya mti na pampu yake? Yeye anafungua gurudumu, anatoa tairi kwa vyuma bila kuuma tyubu, anatazama mkanda unaofunika vichwa vya spoku, anafuata mshale wa mzunguko, kisha ananyoosha gurudumu na kurekebisha cheni na breki. Tukimkandamiza mpaka bei isimtoshe chakula, atafanya haraka, na haraka hiyo itaonekana njiani. Afadhali tumwulize wazi kabla ya kazi: bei hii ni ya kufunga tu, au na tyubu mpya? Tukubaliane, kisha tumlipe siku hiyo hiyo.

Lakini anayelipa zaidi ni abiria. Mama mjamzito anayepanda boda usiku hainami kutazama tairi, anatuamini. Mvua ya Machi au ya Oktoba ikinyesha, tairi lisilo na meno huteleza kwenye matope, na hasara inamwangukia yeye ambaye hakuulizwa kitu.

Hapo tunafika kwa mwenye pikipiki, yule anayepokea hesabu kila juma huku kijana ndiye anayeendesha. Wengi husema, "Tairi ni shauri la dereva." Kutoka 21:29 inasema habari za ng'ombe aliyezoea kupiga watu kwa pembe: mwenyewe akiisha kuonywa asimfunge, naye ng'ombe akaua mtu, hatia ni ya mwenye ng'ombe. Uzito uko katika kule kujua. Mwenye pikipiki aliyeambiwa kwamba tairi limekwisha, akaendelea kudai hesabu yote, amekwisha kuonywa. Na dereva anayejua, akaficha ili asikose siku moja ya kazi, naye ana sehemu yake.

Mtu atasema, "Mchungaji, watoto wanataka chakula leo, tairi tutalipata wapi?" Neno hilo ni la kweli, wala hatulidharau. Lakini umaskini wetu hautupi ruhusa ya kumkopa jirani uhai wake bila yeye kujua. Tufanye yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mwenye pikipiki na dereva wapatane mapema nani atanunua tairi, na kila juma watenge kiasi kidogo kwa ajili yake. Tairi likiisha kabla pesa haijatimia, mwenyewe apunguze hesabu kwa majuma mawili, au kikundi cha kuweka na kukopa kimsaidie dereva. Pikipiki isipofaa kubeba watu, isibebe watu, hata kama siku hiyo ni ya soko.

Basi wapendwa, tuendelee kutafuta bei nzuri. Bei ni nzuri pale ambapo muuzaji, fundi, dereva na abiria wote wangeikubali kama wangeketi pamoja na kuelezwa kila kitu.

Mungu awabariki na kuwalinda njiani.