Jina Niliongeza Mimi

Nilikuwa Kisii mjini, mizani ilikuwa Nyamira, na katikati yetu modemu ya simu yenye mtandao wa kubahatisha. Ile mizani ya kituo cha kununua majani chai ina kompyuta ndogo inayoandika kilo za kila mkulima, na programu yake niliiandika mimi. Kwa wiki mbili ilikuwa inazima ghafla watu wakipimiwa. Mkulima amebeba gunia asubuhi yote, halafu jioni rekodi yake haipo. Wakaanza kumwangalia karani kwa jicho baya.

Kusaka hitilafu kwa mbali ni hivi. Kule kwenye mizani unaendesha gdbserver, ambayo haijui mengi. Inatuma namba tupu za kumbukumbu. Huku kwenye laptopu unaendesha gdb, ambayo inazigeuza namba hizo kuwa majina: ni sehemu gani ya programu ilikuwa inaendeshwa, na nani aliiita. Lakini ili itaje majina ya kweli, lazima iwe na mafaili yale yale yaliyo kule, pamoja na maktaba za pamoja, yaani msimbo ambao programu nyingi hutumia bila kuubeba ndani yao. Kwenye Linux, libc ndiyo mama yao.

Tangu toleo la 7.10 la mwaka 2015, gdb yenyewe huziomba maktaba hizo kutoka mashine ya kule. Sasa, mtandao ulikuwa unakokota, saa ilikuwa nne usiku, nikaielekeza kwenye folda yangu. libc ni libc, si ndiyo? Ni kama kusema "soko la Keroka" ukadhani umemaliza, na mji wenyewe umekaa mpakani, Kisii huku, Nyamira kule, kaunti zote mbili zikigombania ushuru wake.

gdb ilinionya kwamba huenda toleo la maktaba halilingani. Mstari mmoja tu. Nikaupita. Kisha ikanipa orodha safi kabisa: programu imekufa ndani ya libc, ikiitwa na ile sehemu inayofuta rekodi. Nikampigia mwenyekiti wa kituo. "Mzee, kuna mtu anabonyeza kufuta." Kituoni anayebonyeza ni mmoja. Kesho yake karani aliambiwa akae nyumbani kwanza.

Siku ya tatu, kwa sababu hitilafu iliendelea bila yeye, nilinakili maktaba za mizani yenyewe nikarudia. Ile sehemu ya kufuta haikuwemo kwenye orodha. Programu hufuta yenyewe rekodi ya muda ikimalizana na kila mkulima, na gdb, ikitumia ramani isiyo ya kule, ilikuwa imeokota masalio ya zamani kwenye kumbukumbu. Kosa lilikuwa langu: wakati wa kusoma uzito nilikuwa naipa libc maandishi yasiyo na alama ya mwisho, nayo ikaendelea kusoma mpaka ikatoka nje ya mipaka.

Rafiki yangu anasema sikudanganya, nilisema nilichoona. Kweli. Lakini najiuliza: kama aliyekuwa hatarini kufukuzwa ni mimi, ningeupita ule mstari? Ningengoja maktaba zishuke hata usiku kucha. Nilikuwa na haraka, na gharama ya haraka yangu nikamlipisha mtu ambaye hakuwa mbele ya skrini. Uingereza, kati ya 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 waliokuwa wakiendesha posta ndogo walitiwa hatiani kwa pesa ambazo mfumo wa Horizon ulionyesha zimepotea. Mahakama zilidhania kompyuta iko sawa. Bunge lilikuja kuzifuta hukumu nyingi kwa sheria mwaka 2024. Huko nako, wengi walisema walichoona.

Nikapanda matatu ya Nyamira. Mwenyekiti nilishamwambia ukweli kwa simu, na karani alikuwa amerudishwa, ila kwake ilibidi niende mwenyewe.

"Bwakire, mama."

Akaitikia, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, ile hadithi yote ya libc na masalio.

"Kwa hiyo mashine ndiyo ilinitaja?"

"Hapana, mama. Mashine ilisema kufuta. Jina niliongeza mimi."